Lwiro na Wanagenzi Wake

Ukitoka Bukavu kwa barabara ya Goma, ukaipita Kavumu na kukaribia Katana, ziwa huwa kuliani na mlima Kahuzi kushotoni. Njia ya kupanda mlimani inakufikisha Lwiro, kwenye jumba kubwa lenye varanda ndefu, maktaba na bustani, lililochorwa na msanifu Mbelgiji Charles Van Nueten. Ndiyo yaliyokuwa makao makuu ya Institut pour la Recherche Scientifique en Afrique Centrale, IRSAC, taasisi iliyoundwa na Ubelgiji mwaka 1947 kwa ajili ya utafiti katika Kongo na Ruanda-Urundi. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Louis van den Berghe, mtaalamu wa magonjwa ya nchi za joto.

Lwiro haikuwa peke yake. Uvira kulikuwa na kituo cha kuchunguza maji na samaki wa Tanganyika. Mabali, karibu na Ziwa Tumba, kituo cha msitu. Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kituo kingine. Na Astrida, mji ambao sasa ni Huye nchini Rwanda, kituo cha sayansi za binadamu. Watu wa Kivu wanaikumbuka IRSAC kwa matetemeko ya ardhi, volkano, malaria na watoto wenye utapiamlo. Wachache wanakumbuka kwamba taasisi hiyo hiyo ilipokea vijana wa Ulaya na Marekani waliokuja kujifunza nyimbo, ngoma, vinyago na tendi za watu wa huku. Baadhi yao walikuwa ndio kwanza wametoka chuo kikuu. Leo tungewaita wanagenzi au, kama tunavyosema Kivu, mastajieri.

Historia hii ni yao, lakini zaidi ni ya wale waliowapokea. Taasisi ilitoa mshahara, gari, karatasi na mashine ya kurekodi. Ufundi wenyewe ulikuwa mikononi mwa wazee ambao hawakuwa na ofisi Lwiro, na ambao walikuwa na kanuni zao za kumpokea mwanafunzi tangu kabla ya Mbelgiji wa kwanza kuliona Ziwa Kivu.

Barua ya taasisi na mlango wa mzee

Kijana aliyeajiriwa na IRSAC katika miaka ya 1950 hakuja na elimu ya mahali anapokwenda. Jan Vansina, mzaliwa wa Antwerp mwaka 1929, alikuwa amesoma historia ya Ulaya ya enzi za kati. Taasisi ilimchukua mwaka 1952, ikampitisha London kwa mafunzo mafupi ya anthropolojia, kisha ikampeleka Kasai kwa Wakuba. Huko akakuta watunza habari ambao walikuwa na namna yao ya kupima simulizi: nani alimsikia nani, nani ana haki ya kusema habari za ufalme, nani anasema za ukoo wake tu. Kutokana na darasa hilo alitoa mwaka 1961 kitabu cha Kifaransa kuhusu mapokeo simulizi ambacho kilibadilisha kazi ya wanahistoria wa Afrika duniani kote. Vyuo vikuu vingi vilivyokuwa vikisema kwamba watu wasio na maandishi hawana historia vilianza kunyamaza.

Barua ya IRSAC ilimfungulia kijana mlango wa msimamizi wa teritwari. Msimamizi alimwita mwami au chifu, chifu akamwita mzee. Tusijidanganye kuhusu njia hiyo. Ilikuwa njia ya utawala wa kikoloni, na mwenyeji wa kweli ni yule anayeweza kusema hapana. Wengi hawakuweza kusema hapana kwa mdomo, wakaisema kwa njia nyingine: wakatoa majibu mafupi, wakasimulia hadithi za watoto, wakaficha zilizo nzito. Mgeni aliyetaka zaidi ya hapo ilimbidi akae, ajifunze lugha, alipe kilichostahili kulipwa, na akubali kuwa mwanafunzi.

Mfano mzito ni wa Warega. Chama chao cha Bwami ndicho kilichobeba maadili, uongozi na sanaa yao, hasa sanamu ndogo za pembe za ndovu na za mti ambazo leo zimejaa kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani. Mtu hupanda Bwami ngazi kwa ngazi, na kila ngazi ina mafunzo yake: mwalimu huonyesha kitu, hucheza, husema methali, na mwanafunzi huelewa polepole maana iliyomo. Hakuna anayepanda bure. Ukoo mzima hukusanya mali ya kumlipia. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilikipiga marufuku chama hicho. Miaka michache baadaye, kijana aliyelipwa mshahara na taasisi ya serikali hiyo hiyo, Daniel Biebuyck, mzaliwa wa Deinze mwaka 1925, alifika kwa Warega kujifunza Bwami. Wazee walimkubalia kuhudhuria ibada zao. Kitabu chake kuhusu utamaduni wa Warega kilitoka mwaka 1973, na ukikisoma unaona kwamba mpangilio wa mafunzo ni wa wazee wenyewe: methali iko pale ilipo kwa sababu kitu fulani kimeonyeshwa, na kitu kimeonyeshwa kwa sababu ngazi fulani imefikiwa.

Nyimbo za mashamba ya Washi

Karibu zaidi na Lwiro, mwaka 1951 na 1952, Mmarekani Alan Merriam alirekodi muziki wa Kongo, Rwanda na Burundi kwa msaada wa IRSAC. Alikuwa ndio kwanza anamaliza masomo yake ya udaktari, na miongoni mwa watu aliokaa nao ni Washi wa pwani ya Ziwa Kivu. Aliandika juu ya vyombo vyao na namna vinavyopigwa. Jambo lililompa somo kubwa, hata hivyo, lilikuwa dogo machoni pa mwenye shamba.

Wasichana waliofanya kazi katika shamba la mzungu mmoja walikuwa wakipewa chumvi na mafuta juu ya ujira wao. Utaratibu ukabadilishwa, posho ile ikaondolewa. Hakuna aliyekwenda kwa tajiri kulalamika. Siku ya kurekodi nyimbo, wasichana wakaimba mbele yake, na ndani ya wimbo wakayapanga malalamiko yao yote, moja baada ya jingine, kwa adabu na kwa kejeli. Tajiri alikuwa haelewi kwamba kuna tatizo mpaka wimbo ulipoelezwa. Merriam aliurudia mkasa huo katika kitabu chake cha mwaka 1964 kuhusu anthropolojia ya muziki, kitabu ambacho wanafunzi wa muziki wangali wanakisoma katika vyuo vya mabara yote. Hoja yake kwamba wimbo humruhusu mtu kusema asichoweza kusema kwa maneno matupu ilitoka hapo, kwa wasichana wa Kishi waliokuwa wakidai chumvi.

Mwanamke yeyote wa pwani ya Uswahilini aliyewahi kutunza pesa kwenye taarabu ili kumpiga mwenzake kijembe angemwambia hivyo bure. Lakini mgeni hakujua, na mashamba ya Kivu ndiyo yaliyomfundisha. Rekodi zake sasa ziko Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, katika hifadhi ya muziki wa jadi.

Walikale, 1956

Sura iliyo kubwa kuliko zote katika historia hii imeandikwa Walikale, ng'ambo ya vilima vya Masisi. Mtu wa Kitchanga au Burungu anayeshuka kuelekea magharibi anaacha nyuma malisho na mashamba ya mlimani, anaingia katika msitu mkubwa wa Wanyanga. Wakati huo walikadiriwa kuwa watu wapatao 27,000 tu, wawindaji na wakulima wa migomba, majirani wa Wahunde, Warega na Watembo. Biebuyck alifika kwao katikati ya miaka ya 1950.

Alitafuta utendi. Alikwisha kusikia vipande, lakini kipande si utendi. Mwaka 1956 akampata She-Karisi Candi Rureke, bingwa wa utendi wa Mwindo. Karisi ni jina la utendi wenyewe na pia la mzimu unaousimamia. Haimbi mtu kwa kutaka kwake tu, bali Karisi ndiye anayemtaka aimbe, na kwa kuimba mtu huyo hukingwa na maradhi. Rureke alikuwa na mwalimu wake kabla yake, naye alikuwa na vijana wanaomfuata. Hao vijana walipiga fimbo za mdundo na kuitikia viitikio. Ndivyo walivyokuwa wakijifunza: unaanza kwa kuitikia, masikio yanazoea, siku moja mzee akichoka unashika mahali alipoachia.

Rureke aliimba kwa siku 12. Mkononi alishika kibuyu cha njuga, mwilini alivaa kengele ndogo. Aliimba, akasimulia, akacheza sehemu za wahusika, akapokea zawadi kutoka kwa wasikilizaji katikati ya maneno. Biebuyck na wasaidizi wake Wanyanga waliandika wakimfuata. Mwandishi akibaki nyuma, mzee alimgeukia na kumhimiza asonge, kisha akaendelea na Mwindo alipomwachia. Maneno hayo ya kumhimiza mwandishi yamo ndani ya utendi uliochapishwa. Ni mahali pachache sana katika vitabu vya aina hiyo ambapo mwalimu anasikika akimwamrisha mwanafunzi wake.

Kuna jambo jingine ambalo wasomaji hulipita haraka. Kwa desturi, bingwa hakuimba utendi wote mfululizo. Aliimba sehemu moja jioni hii, nyingine siku nyingine, kulingana na hadhira na shughuli iliyowakusanya. Utendi mzima, mwanzo hadi mwisho, siku baada ya siku, ulipangwa hivyo kwa ajili ya mgeni na karatasi zake. Kwa hiyo kitabu cha Mwindo ni kazi ya watu wengi: Rureke aliyekubali kunyoosha kile ambacho kwa kawaida hupindwa kulingana na usiku, vijana waliopiga mdundo kwa siku 12, wanakijiji walioleta chakula na pombe, wasaidizi walioandika, na kijana Mbelgiji aliyepanga yote hayo na kujua kwamba akiingilia ataharibu.

Kisa chenyewe kinafaa kukumbukwa kwa kifupi. Chifu Shemwindo wa Tubondo ameapa kwamba wake zake wasizae mtoto wa kiume. Mwindo anazaliwa akitembea na kusema. Baba anajaribu kumuua, anamtupa mtoni ndani ya ngoma. Mtoto anafika kwa shangazi yake Iyangura, anarudi na nguvu, baba anakimbilia kuzimu. Mwindo anamfuata mpaka huko, anamrudisha, na mwisho wake wanapatana na kugawana utawala. Lakini kabla hajawa chifu kamili, naye anachukuliwa juu angani na kufundishwa kuacha majivuno. Kwa nchi iliyochoshwa na wababe, hadithi ya shujaa anayelazimishwa kujifunza unyenyekevu haijazeeka.

Astrida, na mambo yaliyorudi

Kituo cha Astrida kiliongozwa na Jacques Maquet, kisha kuanzia mwaka 1957 na Vansina. Hapo kazi ilikuwa kukusanya simulizi za Rwanda kwa wingi, na wasomi Wanyarwanda walifanya kazi bega kwa bega na wageni. Mkusanyo wa simulizi za kihistoria uliotoka mwaka 1962 una majina mawili kwenye jalada: André Coupez na Thomas Kamanzi. Baada ya uhuru kituo hicho kilizaa taasisi ya utafiti ya Rwanda, na Makumbusho ya Taifa yakafunguliwa katika mji huo mwaka 1989. Miaka ya karibuni makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, yamewakabidhi Wanyarwanda nakala za kidijitali za rekodi zaidi ya 4,000 za muziki wao zilizofanywa enzi za ukoloni na baada yake.

Upande wa Kongo, uhuru wa 30 Juni 1960 uliwakuta wanagenzi wengi wameshaondoka au wanaondoka. Biebuyck alikuwa amekwenda kufundisha Lovanium, chuo kikuu cha Léopoldville, kisha akahamia Marekani. Lwiro ilibadilishwa jina na uongozi, na baadaye ikawa Centre de Recherche en Sciences Naturelles, CRSN. Jina jipya linaeleza hali yenyewe: sayansi za asili zilibaki, sayansi za binadamu zikapungua. Leo mgeni akisikia Lwiro hufikiria kwanza sokwe waliookolewa, wanaotunzwa hapo tangu mwaka 2002.

Hata hivyo, mbegu moja iliota. Kahombo Mateene, Mnyanga, alikua mwanaisimu na kushirikiana na Biebuyck katika kuandaa Mwindo. Kitabu kilipotoka kwa Kiingereza mwaka 1969, jina lake lilikuwa kwenye jalada. Mwaka uliofuata wakatoa pamoja kwa Kifaransa mkusanyo wa fasihi simulizi ya Wanyanga. Mateene baadaye aliongoza ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Kampala, akatetea lugha za Kiafrika zitumike shuleni na serikalini, na akaandika sarufi ya Kihunde, lugha ya Masisi. Mtoto wa mahali palipofanyiwa utafiti akawa mtafiti wa jirani zake.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, wasema wahenga. Tukipima IRSAC kwa kipimo hicho, tunakuta mwenyeji aliyepona ni yule aliyepata kalamu. Mateene alipona, Kamanzi alipona. Rureke alipata jina kitabuni, na hilo si dogo, maana wasimulizi wengi wa enzi zake waliandikwa kama "mzee mmoja wa kijiji". Wasichana wa Kishi hawakupata hata jina.

Nyumba za sanaa za leo

Mpokeaji wa wageni wa leo si taasisi ya serikali yenye varanda mlimani. Ni nyumba kama Yole!Africa, aliyoianzisha Petna Ndaliko Katondolo mjini Kampala mwaka 2000 na kuileta Goma mwaka 2002, mwaka ambao lava ya Nyiragongo ilikata mji. Hapo vijana hujifunza filamu, muziki na dansi, na wageni huja kufundisha, kujifunza au yote mawili. Chérie Rivers Ndaliko, Mmarekani aliyefanya kazi na nyumba hiyo kwa miaka mingi, alitoa mwaka 2016 kitabu kinachochambua jinsi pesa na huruma ya watu wa nje zinavyoweza kuamua msanii wa mashariki ya Kongo aimbe nini na apige filamu gani. Shida aliyoieleza inafanana na ya Lwiro: anayelipa mshahara wa mgeni ndiye mara nyingi anayechagua swali.

Januari 2025 Goma ilianguka mikononi mwa waasi wa M23, na mwezi uliofuata mapigano yakapita barabara ile ile ya Kavumu mpaka Bukavu. Masisi na Walikale zimekuwa njia ya wakimbizi kwa miaka mingi kabla ya hapo. Katika hali hiyo mtu anaweza kuuliza wanagenzi wa kigeni wa sanaa wana faida gani. Jibu liko katika mwaka 1956. Kama Rureke angeachwa aimbe tu kwa ajili ya usiku wake, tungekuwa na kumbukumbu za walioketi pale, na wengi wao hawapo tena, wala vijiji vyao havipo mahali vilipokuwa. Maandishi yalinusurika kwa sababu mgeni aliyabeba, na yakawa na uzito kwa sababu mwenyeji aliyaongoza.

Kwa nyumba yoyote ya sanaa ya Goma, Bukavu, Masisi au Walikale inayofikiria kumpokea mwanagenzi kutoka nje, miaka ile imeacha masharti ambayo hayahitaji mfadhili kuyaidhinisha. Mgeni ajifunze Kiswahili kwanza, na lugha ya kijiji kama anakwenda kijijini. Mwalimu wake wa sanaa alipwe kama mwalimu, si kama mtoa habari. Kazi itakayotoka ibebe majina ya waliofundisha, walioandika na waliotafsiri. Nakala ya kila rekodi ibaki pale iliporekodiwa kabla mgeni hajapanda gari. Na kwa kila kijana anayekuja, mmoja wa kwetu aende. Si jambo geni: Norwei iliunda upya Fredskorpset mwaka 2000 kwa msingi huo wa kupokezana, na mpango wa Ujerumani wa weltwärts, ulioanza mwaka 2008 kwa kuwaleta Wajerumani tu, uliongeza njia ya kuwapeleka vijana wa Kusini miaka michache baadaye.

Taasisi hukumbukwa kwa majina ya wakurugenzi wake. IRSAC inastahili pia kukumbukwa kwa majina ya walimu wake wasio na mishahara. Ubao wa kumbukumbu ukiwekwa Lwiro siku moja, She-Karisi Candi Rureke awe juu, pamoja na wazee wa Bwami walioendelea kufundisha huku wamepigwa marufuku, na waimbaji wa Kishi hata kama tutawaandika bila majina. Wanagenzi waliofuzu mikononi mwao wana majina yao kwenye vitabu vyao tayari.